Jibu la kocha: Muda wa binti yangu umekwama, na mimi hata kuelea sijui

SWALI: "Shikamoo kocha. Binti yangu ana miaka 12, anaogelea klabu hapa Dar es Salaam tangu akiwa na miaka saba, mazoezi siku nne kwa wiki. Alipokuwa na tisa na kumi alikuwa harudi nyumbani bila medali. Tangu mwaka jana muda wake umekwama, na mita 50 za mgongo umeongezeka kabisa. Watoto aliokuwa akiwaacha sasa wanamwacha yeye. Baba yake huja na stopwochi, husimama pembeni ya bwawa akipiga kelele, na tukiingia kwenye gari tunaanza kumuuliza kulikoni. Gala mbili zilizopita, yaani mashindano ya kuogelea, aliamka analalamika tumbo. Mimi mwenyewe sijui kuogelea, hata kuelea sijui, kwa hiyo sina la kumfundisha. Gharama ni kubwa, tunajinyima. Nataka kumsaidia lakini naona kama namuumiza. Nifanye nini? Na siku akisema anaacha, nimwache?" Mama, Mbezi Beach.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na tumbo, maana ndilo lililonigusa zaidi katika barua yako. Mtoto anayeamka na maumivu ya tumbo siku ya gala, kisha yakapoa mchana gala ikiisha, hadanganyi. Linamuuma kweli, woga hufika tumboni haraka, kwa mkubwa kama kwa mdogo. Ikiwa linamuuma hata siku za kawaida, mpeleke hospitali kwanza. Ikiwa ni siku za mashindano peke yake, jiulize anaogopa nini hasa. Maji hayaogopi, anaingia mara nne kwa wiki bila shida. Wasichana wa mistari ya jirani haogopi, ni rafiki zake. Nionavyo mimi, anaogopa zile sekunde chache baada ya kugusa ukuta, anapoinua kichwa na kutafuta sura zenu.

Nimesimama pembeni ya mabwawa miaka mingi, na jambo ninaloliamini kuliko yote kuhusu wazazi ni hili: saa ni ya kocha na mtoto. Mzazi akiishika, mtoto anabaki na makocha watatu na hana mzazi hata mmoja pale bwawani. Kazi yenu ninyi wawili ni nyingine, na ni kubwa kuliko mnavyodhani.

Lakini najua huwezi kuiachia saa kama bado unaamini inakuambia kwamba mtoto anazembea. Kwa hiyo tuizungumze hiyo saa.

Binti yako ana miaka 12. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kuliko wakati wowote karibu na umri huo, wavulana karibu na 14. Mikono na miguu inaongezeka, nyonga zinapanuka, uzito unahama. Mwili uliokuwa ukilala juu ya maji wenyewe sasa kiuno kinazama, na inabidi ajifunze upya kuusawazisha. Mgongo ndio mtindo ambao mabadiliko haya huonekana upesi, kwa sababu nyonga zikishuka kidogo tu, anavuta maji mengi nyuma yake. Kwa hiyo kusikia kwamba ni mgongo ndio ulioongezeka muda hakunishangazi hata kidogo.

Jambo la pili ni gumu kwa wazazi kulipokea. Watoto wanaoshinda wakiwa na miaka tisa mara nyingi ni wale walioanza mapema au waliokua mapema kuliko wenzao. Ushindi ule ulikuwa wa kweli, aliufanyia kazi, hakuna wa kumnyang'anya. Lakini haukuwa ahadi. Wenzake waliochelewa kurefuka sasa wamerefuka, nao wamefika. Hakuna aliyeshuka, wengine wamepanda. Waogeleaji wazuri wa umri wa miaka 18 mara nyingi si wale waliokuwa wakibeba medali zote wakiwa na tisa, na wale wanaobaki ni wale ambao kipindi hiki cha miaka 12 hadi 14 hakikuwavunja moyo.

Tatu, muulize kocha kama amembadilishia mtindo. Kocha mzuri akiona mwili umebadilika hurekebisha jinsi mkono unavyoingia majini, jinsi unavyovuta, jinsi kichwa kinavyokaa. Kwa wiki kadhaa, hata miezi, mtoto huogelea polepole kuliko alipokuwa na kosa lake la zamani alilolizoea. Mzazi mwenye stopwochi anaona hasara. Kocha anaona kazi inakwenda.

Na angalieni mnalinganisha muda gani na upi. Muda wa bwawa la mita 25 na wa bwawa la mita 50 haulinganishwi. Katika mita 100 kwenye bwawa fupi mtoto anageuka ukutani mara tatu, kwenye bwawa refu mara moja, na kila akigeuka anausukuma ukuta na kuteleza chini ya maji kwa kasi kuliko anavyoogelea. Hata mabingwa wa dunia huonyesha tofauti hiyo: Pan Zhanle wa China aliogelea mita 100 mtindo huru kwa sekunde 46.40 huko Paris mwaka 2024 katika bwawa la mita 50, ilhali Kyle Chalmers wa Australia alikuwa ameshaogelea umbali huohuo kwa 44.84 mwaka 2021 katika bwawa la mita 25. Mabwawa ya shule mengi mnayofanyia mazoezi hapa Dar ni ya mita 25. Siku mkimpeleka Nairobi akaogelea Kasarani, bwawa la mita 50 lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, atatoka na muda mkubwa kuliko wa nyumbani hata kama ameogelea vizuri kuliko siku zote. Nimeona watoto wakilia kwa kulinganishiwa nambari hizi mbili na wazazi waliokuwa na nia njema kabisa.

Na hata ndani ya bwawa moja, juma moja, muda hupanda na kushuka. Jason Dunford wa Kenya, Beijing mwaka 2008, aliogelea mchujo wa mita 100 kipepeo kwa sekunde 51.14 na kuweka rekodi ya Olimpiki kwa muda mfupi. Kwenye fainali hakuifikia tena, akawa wa tano. Yule alikuwa mtu mzima, aliyejiandaa miaka. Msichana wa miaka 12 aliyelala vibaya kwa sababu ya tumbo, tunamdai nini?

Kama unataka kujua maendeleo, kaa na kocha mara moja kwa muhula, si kila Jumamosi getini, umuulize: anajifunza nini sasa hivi? Atakutajia vitu ambavyo stopwochi ya mumeo haivioni: mapigo mangapi ya mkono kwa urefu mmoja wa bwawa, anavyotoka ukutani, kama nusu ya pili ya mita 100 anaiogelea vilevile kama ya kwanza au anazimika. Ukishajua, kaa nalo moyoni. Usimhesabie mapigo ukiwa jukwaani kisha umpelekee hesabu.

Sasa baba. Usimnyang'anye stopwochi, utaanzisha vita isiyo na maana, na kelele zake ni za mtu anayempenda mwanawe. Nina dawa ambayo nimeiona ikifanya kazi: mpeleke akapime muda rasmi. Gala zetu nyingi huendeshwa na wazazi wanaojitolea. Kila mstari unahitaji watu wa kupima, na kila gala msimamizi huhangaika kuwapata. Mumeo atapewa mafunzo mafupi, atapangiwa mstari, na kutwa nzima atapima watoto wa wenzake. Mpima muda hashangilii wala haelekezi mtu. Anatazama taa au kusikiliza honi, anabonyeza, anaandika. Ataona mtoto wa jirani akikosa muda wake kwa sekunde mbili na mama yake akimkumbatia. Ataona watoto wakifutiwa matokeo kwa kugusa ukuta na mkono mmoja katika mtindo wa chura, wakati sheria inadai miwili kwa pamoja. Ataelewa mchezo. Akitaka zaidi, aendelee mpaka awe mwamuzi; chama cha kuogelea kinawahitaji sana. Na binti yenu atamwona baba yake bwawani akiwa na kazi ya heshima ambayo si yeye.

Kuhusu kelele zenyewe, mtoto akiwa na kofia masikioni na uso majini hasikii maelekezo. Anachokiona ni mikono inayopungwa kwa hasira kila anapopumua. Shangilieni jina lake, basi. Kama mumeo anataka mfano wa baba, atafute mahojiano ya BBC na Bert le Clos, baba wa Chad le Clos wa Afrika Kusini, siku kijana huyo alipomshinda Michael Phelps kwa sehemu tano za mia ya sekunde katika mita 200 kipepeo, London mwaka 2012. Mzee yule alilia, akacheka, na alichokuwa akisema zaidi ni jinsi mwanawe alivyo mzuri na jinsi anavyompenda. Hakuchambua mzunguko hata mmoja.

Gari ndilo linalonitia wasiwasi kuliko bwawa. Bwawani mtoto ana wenzake na kocha. Kwenye gari amefungiwa na watu wawili anaowategemea kwa kila kitu, na foleni ya Bagamoyo Road unaijua. Maswali yenu ya "kulikoni" hata yakiwa ya upole, yeye anayasikia kama mashtaka, kwa kuwa hana jibu. Angelijua kulikoni, angelirekebisha. Nakuombeni mwekeane mwiko nyumbani: ndani ya gari hakuna anayeanzisha mazungumzo ya mashindano isipokuwa mtoto mwenyewe. Mpokee na taulo, mpe chakula, mwambie umefurahi kumtazama, na hilo liwe kweli. Akinyamaza, nyamazeni naye. Akilia, usimwambie asilie. Akisema "nimeogelea vibaya", usikimbilie kumkatalia kwamba hapana, umeogelea vizuri sana, maana anajua si kweli na ataacha kukuamini. Mwambie tu, "Inauma, najua," kisha msubiri. Wengi huanza kueleza wenyewe baada ya kula. Na mlikwepe lile la "tumelipa hela yote hii". Sentensi hiyo huwakaa watoto miaka. Kama ada inawalemea, zungumzeni na klabu, au punguzeni gala za safari, lakini mtoto asiogelee kulipa deni.

Gala ijayo, mwambieni usiku uliotangulia, kwa maneno ya wazi na baba akiwepo: kesho hatutakuuliza muda. Kisha mtimize. Gala ya kwanza hatawaamini, atawachunguza. Ya pili au ya tatu ndipo mtaona kama tumbo limetulia.

Siku yenyewe mna kazi nyingi. Alale mapema: mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, wa 13 hadi 18 saa 8 hadi 10, na kwa watoto wanaoamshwa saa kumi na nusu alfajiri kuwahi mazoezi hilo maana yake ni kulala saa moja na nusu usiku. Mimi ningependelea akose zoezi moja la alfajiri kwa wiki kuliko akose usingizi siku zote. Asubuhi ale kitu alichokizoea, saa mbili au tatu kabla ya kuingia majini: uji, mkate, viazi vitamu. Mwenye tumbo la woga anaweza kuvumilia uji mwepesi na ndizi. Katikati ya matukio, yaani mbio zake, mpe ndizi, tende na maji kidogo kidogo; chipsi na soda visubiri. Beba taulo mbili, maana ya kwanza italowa kabla ya saa tatu, kanga kavu ya kujifunika, na miwani ya akiba. Watoto huandika mkononi kwa kalamu nambari ya tukio, mchujo na mstari. Mwache aandike mwenyewe na aende mwenyewe kwenye kujipanga. Kusahau tukio moja kutamfundisha zaidi ya kukumbushwa na mama miaka kumi.

Yapo mambo ya mwili ambayo kocha, hasa akiwa mwanamume, huenda asiyaguse, na hapo wewe mama huna mbadala. Hedhi ikianza, ajue kwamba anaweza kuogelea akitaka, anaweza kupumzika akitaka, na kwamba wewe ndiye utakayempigia kocha simu bila maelezo marefu. Hedhi iliyoanza ikikatika miezi mitatu, au isipoanza mpaka miaka 15, aonwe na daktari. Kwa wasichana wa michezo mara nyingi ni dalili kwamba chakula hakitoshi kwa kazi wanayoifanya. Asithubutu mtu yeyote kumwambia apungue ili awe mwepesi majini. Bega likiuma zaidi ya siku chache, usilipake dawa na kumrudisha. Mwambie kocha, mwone mtaalamu. Nywele nazo zimewatoa wasichana wengi kwenye mchezo huu: zilowekwe maji safi kabla ya bwawa, zipakwe mafuta ya nazi kidogo, zisuuzwe mara akitoka. Kama amesuka nywele nyingi, zipo kofia kubwa za aina hiyo. Shirikisho la dunia lilizikataa mwaka 2021, likaziruhusu Septemba 2022, kwa hiyo asidanganywe kwamba haziruhusiwi. Vazi la mbio la bei kubwa halihitaji katika umri huu. Marekani wenyewe, wenye waogeleaji wengi na fedha, walizuia mavazi ya aina hiyo kwa watoto wa miaka 12 kushuka chini tangu Septemba 2020.

Usalama wake pia ni wako. Una haki ya kukaa pembeni na kutazama mazoezi. Klabu inayokuzuia kabisa, mtoe. Mtu mzima yeyote asiwe naye peke yake chumba cha kubadilishia nguo, kwenye gari au hotelini wakati wa safari, wala asimtumie ujumbe wa faragha usiku. Mazungumzo ya kocha na mtoto wa miaka 12 yapitie kwa mzazi. Tumbo linaweza kuuma kwa sababu ya mtu pia, kwa hiyo muulize kwa utulivu, mkiwa wawili tu, kama kuna yeyote pale anayemtia hofu. Akikuambia, mwamini. Namba 116 ya kusaidia watoto haina malipo, Tanzania na hata Kenya. Na umkataze kabisa kushindana na wenzake kubana pumzi chini ya maji, hata kwenye bwawa la hoteli mkiwa likizo. Mtoto anayehema kwa nguvu mara nyingi kisha akazama na pumzi anaweza kuzimia bila dalili, na waogeleaji wazuri ndio hujaribu zaidi.

Umesema hujui kuogelea kwa hiyo huna la kumfundisha. Usimfundishe, ila wewe mwenyewe jifunze. Waulize klabu kama wanafundisha watu wazima. Wengi hufanya hivyo, na wapo walimu wa kike kwa wanaotaka faragha na mavazi ya stara. Wiki ya kwanza utakapojaribu kutoa pumzi majini na mwili mzima ukakataa, utajua kile mwanao anachokifanya kwa mita 100 mfululizo. Hutamuuliza tena kulikoni kwa sauti ileile.

Swali lako la mwisho ni kama umwache akisema anaacha. Usikubali siku ya gala mbaya, na usikatae milele. Mwambie mtamaliza muhula uliolipiwa, kwa sababu timu ya kupokezana inamtegemea, kisha mtazungumza. Muhula ukiisha, mpe chaguo zaidi ya mbili. Anaweza kubaki akafanya mazoezi bila mashindano kwa muda. Anaweza kupunguza siku. Anaweza kubadili mtindo au umbali. Wasichana wengi waliokwama kwenye mita 50 hujikuta wakipata raha kwenye 200 au 400. Au aache. Akichagua kuacha, aende mwenyewe kumwambia kocha ana kwa ana, wewe ukiwa naye, awaage wenzake vizuri, na mlango wa kurudi ubaki wazi. Wapo walioondoka kwangu na miaka 13 wakarudi na 15, na hakuna mzazi aliyekuwa amewalazimisha.